Mlokole mbele ya ukoo: nyenzo za imani na utamaduni zinafika hadi wapi?

Mazishi yalikuwa juzi. Maturubai bado yamesimama, masufuria makubwa yamepinduliwa kando ya mafiga, na wazee wa ukoo wamekaa chini ya mwembe wakisubiri jambo moja limalizike ili watu watawanyike. Shangazi wa marehemu ameshika wembe mpya, bado umo ndani ya karatasi yake. Mila inataka wafiwa wanyolewe nywele, mjane akitangulia. Mjane mwenyewe ameokoka, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na usiku alimtumia mchungaji wake ujumbe: "Baba mchungaji, ninyolewe au nikatae?" Jibu linatakiwa kabla ya saa nne asubuhi, maana chai ikishanywewa kikao kinaanza.

Msiba huu hauna kijiji chake. Nimeuunganisha kutokana na misiba mingi. Aliyewahi kukaa matanga Kanda ya Ziwa au magharibi mwa Kenya hataona kigeni ndani yake. Nimeanza nao kwa sababu mjadala kuhusu nyenzo za kuwasaidia Wakristo wa kiinjili katika mambo ya imani na utamaduni kwa kawaida huanzia kwenye kabati la vitabu, na ukianzia huko unaishia hukohuko. Vitabu vipo, tovuti zipo, kozi zipo, semina za siku tatu hotelini zipo. Mimi nauliza jambo dogo zaidi: kati ya hivyo vyote, kipi kinamfikia mchungaji huyu kabla ya saa nne?

Wanaojibu wamegawanyika makundi mawili. Nitajitahidi kuyatendea haki yote, ingawa sina nia ya kubaki katikati.

Kundi la kwanza linasema tunacho cha kutosha. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 iko karibu kila nyumba ya Mkristo asomaye Kiswahili, na siku hizi tafsiri kadhaa zinapatikana bure kwenye simu. Juu ya hiyo kuna maandiko ya waumini wa kiinjili wa dunia nzima yaliyotafsiriwa. Tovuti ya Got Questions, iliyoanzia Marekani, ina sehemu ya Kiswahili yenye maswali mafupi na majibu mafupi yaliyojaa mistari. Dhambi ni ileile, wanasema, iwe Texas au Tandahimba, na Neno ni lilelile. Mwenye kutafuta theolojia maalumu ya Kiafrika anatafuta kichaka cha kuficha matambiko.

Hoja hii ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukiri. Kwanza, wametambua umbo la msaada unaohitajika. Swali fupi, jibu fupi, ndani ya simu, saa nane usiku: hivyo ndivyo mjane wetu alivyouliza. Wasomi wetu wa theolojia bado wanaandika kana kwamba kila msomaji ana kiti cha maktaba na likizo ya mwezi mzima. Pili, kijana wa Mbagala au wa Kayole hayuko mbali na mijadala ya ng'ambo kama tunavyojidanganya. Anaangalia filamu zilezile, anasikiliza mahubiri yaleyale kwa Kiingereza, na maswali yake kuhusu mapenzi, fedha na mitandao yanafanana sana na ya kijana wa Atlanta. Kumwambia kwamba maswali hayo si ya Kiafrika ni kumfungia mlango akiwa anabisha hodi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na inatoka Rwanda. Uamsho wa Afrika Mashariki uliwaka Gahini miaka ya 1930, ukavuka kwenda Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi, na hadi leo wimbo wa Tukutendereza unaimbwa na watu wasiojua neno lingine la Kiganda. Nchi hiyohiyo, mwaka 1994, ilishuhudia waliobatizwa wakiwaua waliobatizwa, wengine ndani ya majengo ya kanisa walimokimbilia. Mtu akikuambia kwamba asili, damu na ukoo ni vitu vinavyohitaji kupimwa na kitu kilicho nje yake, hazungumzi nadharia. Ana makaburi ya kukuonyesha.

Basi kasoro iko wapi? Iko kwenye maswali. Nyenzo nyingi zinazobeba jina la "imani na utamaduni" zilizaliwa kwenye mabishano ya Marekani: sala shuleni, filamu za Hollywood, chama gani kipigiwe kura, nadharia ya mageuzi. Kozi za "mtazamo wa Kikristo kuhusu dunia" zinazoletwa kwenye vyuo vyetu vya Biblia zinatumia wiki nzima kumjibu mkana Mungu, mtu ambaye mchungaji wa Sengerema anaweza kumaliza utumishi wake wote bila kukutana naye. Jirani yake haamini kwamba Mungu hayupo. Anaamini kwamba Mungu yupo, na kwamba marehemu naye bado yupo, na amekasirika.

Mwanaanthropolojia Paul Hiebert, ambaye alikuwa mmisionari India, aliliandikia jambo hili mwaka 1982 kwa namna ambayo haijazeeka. Alisema wamisionari wa Magharibi, yeye akiwemo, walikuwa na ghorofa mbili kichwani. Juu kulikuwa na Mungu, mbingu na milele; chini kulikuwa na sayansi, dawa na mbolea. Ghorofa ya kati, yenye mizimu, jicho baya, uchawi, mkosi na bahati, haikuwepo kwenye ramani yao. Mtu akija na swali la ghorofa ya kati, alijibiwa kwa fundisho la juu au kidonge cha chini, na akirudi nyumbani alikwenda kwa mganga, kwa sababu mganga pekee ndiye aliyekuwa amefungua ofisi pale katikati.

Kundi la pili linaanzia hapo. Linasema tunahitaji nyenzo zilizoandikwa na watu waliokulia kwenye ghorofa hiyo. Na zipo. Kubwa inayojulikana ni Africa Bible Commentary, iliyotoka mwaka 2006 chini ya uhariri mkuu wa Tokunboh Adeyemo, Mnigeria aliyeiongoza kwa miaka mingi Jumuiya ya Wainjili Afrika akiwa Nairobi. Waandishi wake 70, wote Waafrika, wamefafanua Biblia nzima, na katikati ya ufafanuzi wameweka makala fupi kuhusu uchawi, mababu, ukeketaji, UKIMWI na mambo mengine ambayo ufafanuzi wa Oxford au Chicago hauyagusi. Ni kazi ya kujivunia. Pia ni buku la kurasa zaidi ya 1,500, lililotoka kwanza kwa Kiingereza, na bei yake si ya mtu anayelipwa kwa sadaka ya mahindi.

Kabla ya kitabu hicho kulikuwa na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni nyenzo. Mwaka 1969 John Mbiti, Mkamba na padri wa Kianglikana aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha kazi iliyowafanya wasomi wa dunia wakubali kwamba dini za jadi za Kiafrika zina fikra ndani yake, na kwamba Waafrika hawakusubiri meli ya wazungu ndipo wamjue Mungu. Mwaka 1975 Byang Kato, Mnigeria aliyekuwa katibu mkuu wa wainjili wa Afrika, alimjibu kwa ukali: njia hiyo, alisema, inaishia kwenye kuchanganya dini, na Kristo anabaki mmoja kati ya wengi. Desemba ya mwaka huohuo Kato alizama baharini Mombasa akiwa na miaka 39, na wainjili wengi wakabaki na onyo lake bila kupata nafasi ya kuona angefika wapi kama angeishi. Chuo cha uzamili cha theolojia kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1983, ambacho leo ni Africa International University, kilitokana kwa sehemu kubwa na ndoto yake.

Walokole wengi niliowasikia wakiutaja ugomvi huu wanamweka Kato upande wa Biblia na Mbiti upande wa mila, basi. Mgawanyo huo unasahau kwamba Mbiti, katika uzee wake, alikaa akalitafsiri Agano Jipya lote moja kwa moja kutoka Kigiriki kwenda Kikamba. Mtu anayedaiwa kuipuuza Biblia hapotezi miaka yake ya mwisho akitafuta jinsi bibi wa Machakos atakavyomsikia Paulo. Kato naye hakusema utamaduni wote utupwe. Alihofia kanisa lenye haraka ya kukumbatia kabla halijachunguza, na akitazama baadhi ya mahubiri yetu ya leo angeona hofu yake haikuwa ya bure.

Kati ya hao wawili kuna hati ambayo kila mchungaji wa kiinjili angeweza kuibeba kwenye mfuko wa shati. Julai 1974, zaidi ya wajumbe 2,000 wa kiinjili kutoka nchi zipatazo 150 walikutana Lausanne, Uswisi, Kato akiwa mmoja wa wasemaji. Agano walilolitoa lina kifungu cha kumi kuhusu uinjilisti na utamaduni, aya moja tu. Kinasema kwa ufupi kwamba utamaduni lazima upimwe na Maandiko. Kwamba kwa kuwa binadamu ni kiumbe cha Mungu, sehemu ya utamaduni wake ni nzuri na tajiri. Kwamba kwa kuwa ameanguka, wote umetiwa doa na dhambi, na sehemu nyingine ni ya kishetani. Kisha kinakiri kwamba misheni mara nyingi mno zilisafirisha utamaduni wa kigeni pamoja na Injili. Sioni aya nyingine inayobeba hoja za makundi yote mawili kwa maneno machache kiasi hicho. Na ni ya kigeni na ya kwetu kwa wakati mmoja, jambo linaloutia dosari ugomvi wa "imetoka wapi".

Lakini aya hiyo haimwambii mtu mila ipi iko fungu gani. Hapo historia ya hapahapa inafundisha zaidi ya hati.

Kenya, mwaka 1929. Misheni ya Kanisa la Scotland, Africa Inland Mission na wenzao waliamua kuumaliza ukeketaji wa wasichana miongoni mwa Wakikuyu. Walimu na waumini walitakiwa kuweka sahihi au dole gumba kwenye tamko la kuukana, na tamko hilo, lililofahamika kama kirore, liliwataka pia wajitenge na chama cha siasa cha Kikuyu Central Association. Watu waliondoka kwa maelfu. Shule za kujitegemea zikaanzishwa, makanisa ya kujitegemea yakafuata, na muthirigu, ngoma ya kuwakejeli wamisionari, ikaenea hadi serikali ikaipiga marufuku.

Tukiutazama wembe peke yake, misheni zilikuwa sahihi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza jambo lilelile, na Tanzania imekataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu 1998. Walichokosea ni kila kilichouzunguka wembe. Binti aliyekatazwa hakupewa mafundisho mengine, wala wenzake wa rika, wala siku ya kutambuliwa na kijiji kuwa sasa ni mtu mzima. Alipewa fomu. Na kwa kuunganisha mwili wa msichana na uanachama wa siasa kwenye karatasi moja, misheni ziliwafanya watu wauone ukeketaji kama ngome ya taifa. Ilichukua hadi mwaka 1996 kule Tharaka ndipo baadhi ya familia zilipojaribu kinachoitwa ntanira na mugambo, tohara ya maneno: wasichana wanakaa ndani, wanafundishwa na wanawake waliowazidi umri, wanatoka kwa sherehe, na hakuna anayekatwa. Miaka karibu 70 kati ya fomu na wazo hilo.

Wakati fomu zinazungushwa Ukikuyuni, kusini mwa Tanganyika jambo lingine lilikuwa likiendelea. Pale Masasi, Vincent Lucas wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo tangu 1926, alikubali jando la Kikristo. Vijana wa Kiyao, Kimakua na Kimwera walikwenda porini kama baba zao, wakatahiriwa, wakafundishwa, lakini sala zilikuwa za kanisa na mapadri wa Kiafrika walikuwa ndani ya kambi. Mapadri hao ndio waliojua kipi kinaweza kuondolewa jando likabaki jando, na mara nyingi sifa zao zimepewa askofu.

Nakijua kitakachosemwa: UMCA walikuwa Waanglikana wa mrengo wa Kikatoliki, wenye ubani na mavazi marefu, si wainjili. Ni kweli. Na Masasi haikuwa mafanikio matupu. Kwa wasichana mambo yalikwama, kwa sababu unyago ulikuwa mikononi mwa makungwi, na mapadri wanaume hawakuwa na njia ya kuingia, kujua wala kurekebisha. Somo hilo ninalithamini kuliko jando lenyewe. Mahali ambapo wanaoshika mila hawakuwa ndani ya mazungumzo, mazungumzo hayakwenda popote, liwe kanisa lenye huruma au kanisa lenye fomu.

Wainjili wenyewe wana kisa chao. Mwaka 1888 mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Kwa karne nzima hiyo ilimaanisha, pale kwetu, mzee anayetaka kumfuata Kristo achague mke mmoja na kuwarudisha wengine kwao pamoja na watoto, au abaki nje mlangoni akisikiliza nyimbo dirishani. Mwaka 1988 Lambeth ilibadilisha: anaweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, akiahidi kutooa tena maadamu mmoja wa wake hao yuko hai, kanisa la mahali pake likiwa tayari kumpokea, na asilazimishwe kumwacha yeyote kwa sababu ya hasara ambayo wake hao wangeipata. David Gitari wa Kenya, askofu wa kiinjili ambaye hakuogopa kuhubiri dhidi ya wizi wa kura, alikuwa miongoni mwa walioisukuma hoja hiyo. Uamuzi haukusema mitala ni sawa. Ulimtazama mke wa pili, ambaye kwa miaka mia alikuwa anaadhibiwa bila kosa lake.

Naiita hiyo nyenzo bora kuliko vitabu vingi, kwa sababu ni uamuzi. Mchungaji wa kijijini anaweza kuushika mkononi na kusema, kanisa limekubaliana hivi. Kitabu kinampa hoja, na kikaoni hoja ya mchungaji mwenye miaka 34 haina uzito mbele ya mzee wa miaka 70.

Sasa turudi kwenye ghorofa ya kati, maana wakati wasomi wakibishana, imeshapata mpangaji mpya. Ingia YouTube uandike "madhabahu za ukoo". Utapata mahubiri ya saa mbili, saa tatu, yenye watazamaji ambao hakuna profesa wa theolojia atakayewaota. Kunyolewa ni agano. Jina la bibi ni agano. Kaburi la nyumbani ni madhabahu, na kuchelewa kuolewa, mimba kuharibika na biashara kufa vyote vina mzizi huko. Dawa ni maombi ya kuvunja, mara nyingi kwa mfululizo wa usiku kadhaa, wakati mwingine na mafuta yanayouzwa mlangoni.

Ni rahisi kucheka, na wainjili wa mjini wanacheka sana. Mimi sicheki, kwa sababu wahubiri hawa wamejibu swali lililoulizwa. Wanaongea Kiswahili cha watu, wanajua majina ya hofu, na wanaamini kwamba Kristo ana nguvu hapo hasa ambapo mtu anaogopa, jambo ambalo Agano Jipya halilionei haya. Nyenzo zilizotafsiriwa na nyenzo za wasomi zimeshindwa mtihani huo.

Shida yangu nao ni matokeo. Mahubiri haya yanageuza kila ndugu kuwa mtuhumiwa. Shangazi mwenye wembe, ambaye huenda anachojua ni kwamba yeye mwenyewe alinyolewa alipofiwa na hivyo ndivyo watu walivyomwonyesha kwamba hayuko peke yake, anaonekana wakala wa shetani. Mjane anafundishwa kukimbia ukoo ambao kesho ndio utakaoamua kuhusu shamba na watoto. Uamsho wa kale nao ulikuwa mkali kwa mila. Ndugu walikataa matambiko na pombe, na wakati wa Mau Mau wengine walikataa kiapo wakauawa. Lakini waliomtoa mtu kwenye ukoo walimpa ukoo mwingine. Ushirika ulisimama naye posani, ukamlimia akiugua, ukamzika. Mahubiri ya simu yanavunja madhabahu saa sita usiku na kuzima, na asubuhi mtu yuko peke yake na shemeji zake.

Kwa hiyo mchungaji wetu ajibu nini? Hiebert aliyeichora ile ghorofa alipendekeza pia njia, na ni nyepesi kueleza: kwanza jueni mila hiyo ina maana gani kwa wanaoifanya, bila kuihukumu, kisha someni Maandiko pamoja kuhusu jambo hilo, kisha jamii ya waumini yenyewe, wala si mmisionari, ipime na kuamua kipi kibaki, kipi kikataliwe, kipi kibadilishwe, halafu iundwe desturi mpya inayoonekana. Nimesikia ikifundishwa kama nadharia ya mtihani. Ijaribu kwenye nywele uone inavyofanya kazi.

Maandiko yenyewe hayasemi kitu kimoja. Kumbukumbu la Torati 14:1 inawakataza Waisraeli kujikata miili na kujifanya upara kwa ajili ya mfu. Mhubiri wa madhabahu anaujua mstari huo kwa moyo. Lakini Ayubu 1:20, Ayubu aliyefiwa na watoto wote kwa siku moja ananyoa kichwa, anaanguka chini na kusujudu, na msimulizi anasema hakutenda dhambi. Na katika Isaya 22:12 Mungu mwenyewe ndiye anayewaita watu walie na wanyoe vichwa. Kitendo kimoja, hukumu tofauti. Tofauti inaletwa na maana ya kitendo, na maana hiyo anayo shangazi. Inabidi aulizwe, kwa heshima, akiwa amekaa: shangazi, asiponyolewa kinatokea nini? Akisema, "Watu watasema hakumpenda mumewe," hayo ni maombolezo, na mjane anaweza kunyolewa akiwa anaomba, akitaka. Akisema, "Marehemu atarudi kumsumbua," hiyo ni hofu ya ghorofa ya kati, na kanisa linatakiwa liwe na la kufanya pale pale: wazee wafike, waombe nyumbani, waimbe, walale matangani. Kukataa wembe halafu kwenda kulala kwako ni kumwachia mjane vita vyako.

Hapo nina mpaka mmoja ambao siufanyii majadiliano. Kuna mahali kunyoa ni hatua ya kwanza tu, na inayofuata ni mjane "kutakaswa" kwa kulala na mwanamume, au kurithiwa asipotaka. Hilo halihitaji kikao cha kupima maana. Linahitaji mtu wa kusimama mlangoni, na simu ya polisi.

Upungufu wa njia ya Hiebert nauona kwenye neno "pamoja". Ni nani wanaokaa? Mabaraza ya wazee wa kanisa kwenye madhehebu mengi ya kiinjili yamejaa wanaume, na sehemu kubwa ya mila za msiba zinatendwa kwenye mwili wa mwanamke. Kamati ya wanaume saba ikipima maana ya kunyoa mjane itarudia kosa la Masasi kwa upande wa unyago, safari hii bila kisingizio cha kukosa njia ya kuingia.

Upungufu wa pili ni kwamba ukoo hauna dhehebu. Chini ya ule mwembe kuna mzee wa KKKT, mashemeji wawili Wakatoliki, dada aliyehamia TAG, binamu Msabato na mjomba Mwislamu ambaye ndiye aliyelipia sanda na jeneza. Waraka wa dayosisi moja, hata uandikwe vizuri namna gani, utasikilizwa na kipande cha mkutano. Ndiyo maana nadhani kazi ya kuandaa nyenzo hizi haipaswi kuanzia kwenye nyumba ya uchapishaji wala chuo. Ianzie kwenye umoja wa wachungaji wa kata, ambao mahali pengi upo tayari na hukutana kwa ajili ya mkutano wa Injili wa kila mwaka na malalamiko kuhusu vipaza sauti. Wajane wakaribishwe, angalau shangazi mmoja anayeshika wembe akaribishwe, na kitoke kitu cha kurasa nne kwa Kiswahili cha kawaida, chenye mistari, chenye majina ya madhehebu yaliyokubali, kinachoweza kutumwa kwa WhatsApp. Msomi mwenye Africa Bible Commentary akae pembeni ya meza kama msaidizi. Mwenye tafsiri za ng'ambo naye alete alichonacho.

Mwaka wa kwanza wangeshughulikia msiba peke yake: kunyoa, kulala kaburini, mali ya marehemu, na nani anamsemea mjane kikaoni. Mahari ningeiacha mwaka wa pili au wa tatu, maana huko wachungaji wengi wana mabinti, na ng'ombe wanawapokea wenyewe.